Kinachokubana Kifua: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Pumu

Toleo lililopita niligusia pumu kwa mistari miwili tu, nikiwa nazungumzia mafua ya wakati wa kusi, na mistari hiyo imeniletea barua nyingi kuliko ukurasa mzima wa presha. Karibu nyote mnauliza jambo moja: niache nini? Mnataka orodha. Orodha ipo, hata kliniki nyingi zimeibandika ukutani, lakini haimfai mtu mpaka ajue yeye hasa anachokozwa na nini. Mwenye pumu mirija yake ya hewa ina uvimbe kidogo ndani wakati wote, hata siku anayojiona mzima. Ikichokozwa hujikaza, ikajaa makohozi mazito yanayonata, na hapo ndipo kifua hulia filimbi. Kinachomchokoza huyu huenda jirani yake akakivuta usiku kucha asipige hata chafya.

Basi nimechagua barua ambazo waandishi wake, bila wenyewe kujua, wamekwisha kutia jibu ndani. Majina nimeyaondoa.

Assalaam alaykum, Bi Muuguzi. Mwanangu wa kiume ana miaka saba. Kila usiku hukohoa, zaidi saa tisa na saa kumi za alfajiri, na kifua kinalia. Mchana anacheza kama wenziwe. Mama mkwe anasema ni baridi ya kusi, kwa hiyo tunafunga madirisha mapema na nimemkataza kuoga jioni. Ndani kukiwa na joto mbu wanazidi, nawasha dawa ya mbu ya kuchoma. La ajabu, tulipokwenda Mpeketoni kwa dadangu wakati wa likizo hakukohoa kabisa, na kule vumbi ni jingi kuliko kwetu. – Mama wa Langoni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kwanza mpeleke mtoto akasikilizwe kifua, kama hajapelekwa. Kikohozi cha usiku kinachorudi kila siku na kulia filimbi kinanuka pumu, lakini mtoto anayekohoa zaidi ya wiki mbili ni lazima aangaliwe pia kifua kikuu, na hilo halifanyiki kwa barua.

Sasa tuje chumbani. Kusi hutupiwa lawama nyingi hapa Lamu lisizostahili. Ni kweli hewa ya baridi hubana vifua vya watu wengine, na ni kweli msimu huo mafua huzunguka, na mafua ndiyo yanayoamsha pumu ya watoto kuliko kitu kingine chochote. Lakini mafua huja yakaenda zake. Kinachomkuta mwanao kila usiku, saa zile zile, kwenye chumba kile kile, na kikamwacha alipolala kwa mama yake mdogo Mpeketoni, kimo ndani ya chumba hicho. Na wewe kwa kufunga madirisha umekifungia humo pamoja naye.

Mshukiwa wa kwanza ni dawa yako ya mbu. Watafiti walipopima moshi wake, waligundua kwamba kipande kimoja kikiungua chote hutoa chembechembe nyembamba, zile zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, sawa na sigara kati ya 75 na 137. Nadhani hungemruhusu mtu avute sigara hata moja kando ya kitanda cha mtoto. Hiyo dawa izime leo, kisha umfungie chandarua. Chandarua kikiwa kipya, kianike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia ili harufu ya dawa ipungue. Na usije ukatoa moshi ukaingiza dawa ya kupuliza, maana hiyo nayo humbana mwenye pumu.

Mshukiwa wa pili hukumtaja, lakini nakisia yupo, maana nyumba za Langoni nimeziingia nyingi. Mtoto analalia nini? Ikiwa ni godoro la sufi au mto wa sufi uliorithiwa kwa bibi yake, utwae asubuhi jua linapoingia dirishani, uupige kofi moja, kisha utazame ule mwanga. Vumbi utakaloliona likielea ni nyuzi za sufi zilizosagika na mabaki ya ngozi zetu. Humo huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo hata jicho haliwaoni. Hawaumi wala hawaambukizi ugonjwa. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayotudondoka, na maji wanayapata hewani, kwa hiyo pwani yetu yenye unyevu mwaka mzima ni kama wamejengewa hoteli. Kinachochokoza kifua ni mavi yao, ambayo hukauka yakawa unga. Mtoto hulaza uso juu yake saa nane mfululizo. Ndiyo sababu anaweza kukohoa ndani ya nyumba iliyofagiwa mara mbili kwa siku, akapona kwenye vumbi jekundu la Mpeketoni. Vumbi la barabarani linakera koo, ni kweli, lakini utitiri hauishi humo.

Tiba yake si ghali. Mto wa sufi utoe, umnunulie wa sponji. Godoro, kama huwezi kulibadilisha, livishe mfuko wa plastiki nene unaofungwa kwa zipu, utandike shuka juu yake. Kila wiki godoro lipande darini, jua la saa sita mpaka saa tisa lilipige pande zote mbili, maana utitiri haustahimili joto wala ukavu. Shuka na foronya zitie maji ya moto kweli kweli, yale usiyoweza kutia mkono, kwa sababu chini ya nyuzi 55 utitiri huoga tu ukatoka msafi. Zulia la chumbani likunje uliweke mbali. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama nyumba yenu ni ya zamani, zisipanguswe kwa kitambaa kikavu. Tumia kilicholowa, na mtoto awe nje. Hali kadhalika fagio la chelewa: nyunyiza maji kwanza, au piga deki. Na madirisha yawe wazi mchana kutwa.

Hizi ni kazi nyingi, najua, na una watoto wengine. Anza na dawa ya mbu peke yake, kwa kuwa kuizima hakugharimu kitu, halafu ufuatie mto. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa, kila asubuhi andika mstari mmoja: alikohoa au hakukohoa, saa ngapi, alilala wapi, nini kiliwashwa, nini kilikaangwa. Daktari akilisoma daftari hilo atakushukuru. Na kuoga jioni mruhusu. Mtoto wa Lamu asiyeoga jioni ni mateso kwake na kwa mnaolala naye.

Shikamoo yako naitikia kabla hujaitoa. Mimi ni bibi wa Mkomani. Mke wa mwanangu, mtu wa bara, amenikataza kufukiza udi nyumbani mwangu mwenyewe, eti unamdhuru mjukuu mwenye pumu. Udi nimeukuta kwa mama yangu, na wanangu wote wamekulia humo wakiwa wazima. Nakuomba umwambie.

Shikamoo, bibi. Umeniomba nimwambie, na mimi naona nitakuambia wewe, unisamehe.

Wanao walikuwa wazima kwa sababu hawakuwa na pumu. Mjukuu anayo. Moshi ni moshi, uwe wa udi mzuri wa kununuliwa kwa kipimo cha dhahabu au wa kuni mbichi, na mirija iliyovimba haijui thamani. Waomani, ambao kwa udi na ubani hawatuachi mbali, walilichunguza jambo hili kwa watoto wao. Hawakuona kwamba ufukizaji ndio unaozidisha idadi ya watoto wenye pumu, lakini kwa wale ambao tayari wanayo, moshi huo ulikuwa miongoni mwa vitu vinavyowabana vifua mara nyingi. Kwa hiyo nyote wawili mna haki: udi wako haukumpa mtoto pumu, na udi wako unamwamsha nayo.

Sitakuambia ukivunje chetezo. Fukiza mtoto akiwa chuoni, madirisha yakiwa wazi, na chetezo kisitoke mlangoni pa chumba chake kwenda ndani. Kumbuka makaa yenyewe yana moshi na hewa chafu hata kabla hujaweka udi, basi yawashie nje yashike kabisa ndiyo uyaingize. Nguo za Ijumaa zifukizie darini, kisha uziache zipigwe na upepo, kwa kuwa moshi hukaa kwenye kitambaa na mtoto anapenda kukulalia mapajani. Siku ya arusi, bibi arusi akifukizwa, mjukuu apelekwe kwa jirani. Na kama unataka nyumba inukie kila siku, asumini na rihani zipo, uziweke sebuleni uone kwanza zinamkaliaje, maana wako wenye pumu ambao harufu yoyote kali huwachokoza, hata ya marashi.

Pilipili za kukaanga nazo uziangalie. Mkwe wako hakuzitaja pengine kwa kuwa ni yeye anayezikaanga.

Bi Muuguzi, mimi ni fundi wa nakshi, miaka mingi sasa. Tangu mwaka jana kifua kinabana ikifika alasiri, na usiku nakohoa. Sikuwahi kuwa na pumu utotoni. Ijumaa tukipumzika napata nafuu kidogo, na nilipokwenda Mombasa arusini nikakaa nikawa mzima kabisa. Nikirudi kazini siku ya pili tu inaanza. Wenzangu wanasema nimefanyiwa. – Fundi, Lamu

Hujafanyiwa, kaka. Umevuta mbao.

Pumu inaweza kumwanza mtu mzima, na kazi ni mojawapo ya njia zake. Ukitaka kujua kama ni kazi, uliza maswali uliyoyajibu mwenyewe: siku za mapumziko zikoje, safarini kukoje, ukirudi kunakuwaje. Watu wengi hukosea kwa sababu kifua hakibani pale pale kwenye benchi. Hubana saa kadhaa baadaye, jioni au usiku, na mtu akalaumu chakula cha usiku.

Mbao hazifanani. Mvule unajulikana kote duniani kwa kuamsha pumu kwa mafundi, na ndio mnaoupenda kwa milango. Maranda ya randa si neno kubwa, wala vipande vya patasi, kwa kuwa ni vizito na vinaanguka chini. Hatari iko kwenye msasa, na zaidi mashine ya msasa, ile inayotoa unga laini kama poda unaobaki hewani hata baada ya kuizima. Nimewaona mafundi wakimaliza kazi wanajipuliza nguo kwa pampu ya upepo ili watoke safi, kisha wote waliomo humo wanavuta kilichopulizwa. Hiyo acheni leo. Msasa pigieni uani, mkiupa mgongo upepo, si ndani ya karakana yenye mlango mmoja. Lowesheni kidogo inapowezekana. Leso mdomoni haizuii unga huo. Inayozuia ni barakoa ile ngumu inayoshika pua na kidevu vizuri, aina ya N95, na kwa mwenye ndevu nyingi haishiki, nasema ukweli.

Kuna kingine nataka ukichunguze: vanishi. Kama mmeanza kutumia ile ya makopo mawili yanayochanganywa kabla ya kupaka au kupuliza, hiyo mara nyingi ina kemikali ziitwazo isosayaneti, nazo ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha pumu ya kazini kuliko vyote. Aliyekwisha kuzoeshwa vibaya nazo, hata harufu ndogo humwangusha. Hapo barakoa ya vumbi haisaidii kitu. Mpe mwingine kazi hiyo, wewe uwe mbali.

Nenda hospitali na umwambie daktari neno kwa neno ulivyoniandikia mimi, hasa habari ya Mombasa. Mwombe kile kidude cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi, upulize mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa, za kazi na za mapumziko, uandike namba. Usingoje. Pumu ya kazini ikikamatwa mapema na mtu akaepushwa na kilichoileta, wengi hupona au hubaki na kidogo. Ikiachwa miaka, hubaki hata baada ya kuacha kazi. Kuchonga si lazima uache, kwa sababu patasi haikuumizi. Mpe kijana wako msasa, lakini naye umvishe barakoa.

Dada Muuguzi, nasafisha vyumba katika hoteli moja hapa Malindi. Nikiosha vyoo macho yanawasha na kifua kinabana mpaka nakimbilia nje. Msimamizi anasema nichanganye jiki na dawa ya choo ili weupe utoke haraka. Wenzangu wawili nao wanakohoa. Nifanye nini, kazi naitaka.

Usichanganye tena, hata akisimama mlangoni. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ikikutana na dawa yenye amonia, kama zile za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine mbaya vilevile. Ndani ya choo kisicho na dirisha, kiasi kidogo kinatosha kumbana mtu asiye na pumu, sembuse mwenye nayo.

Dawa moja kwa wakati mmoja, suuza kwa maji mengi kabla ya kutia ya pili. Ya kupuliza imiminie kwenye kitambaa badala ya kuipuliza hewani usawa wa pua yako. Mlango wazi, feni ikiwepo iwake, na ile ya kunukisha chumba uipulize mwisho ukiwa unatoka. Kuhusu msimamizi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na hutakiwi kuvinunua kwa mshahara wako. Nendeni nyote watatu kwa pamoja, mkiwa na chupa mbili mikononi, mmwonyeshe maandishi ya onyo yaliyochapishwa nyuma yake. Maneno hayo mara nyingi yamo kwa Kiingereza, na ndiyo maana hakuna aliyeyasoma.

Bi, nina miaka sitini na minane, pumu yangu ilikuwa imelala muda mrefu. Miezi ya karibuni imeamka, na sijabadilisha chochote: silali na paka, sivuti sigara, nyumba ni ile ile. Kilichoongezeka ni dawa ya macho tu, niliyopewa kwa presha ya macho. – Mzee wa Shela

Shikamoo, mzee wangu. Hiyo "tu" ndiyo niliyoisoma mara mbili.

Tazama kichupa cha dawa ya macho. Kikiandikwa timololi, hapo umepata. Dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na propranololi na atenololi, vidonge vya moyo na presha, na ukoo huo huweza kuibana mirija ya mwenye pumu. Watu hawaamini kwamba tone la jicho linaweza kufika kifuani, lakini jicho lina kijitundu kinachomwagia puani, na puani dawa huingia kwenye damu. Usiiache kwa shauri lako, maana presha ya macho ikipanda hupofusha kimyakimya. Rudi kwa aliyekuandikia kesho, siyo mwezi ujao, umwambie "nina pumu", naye atakubadilishia. Ziko za aina nyingine.

Na maadamu tuko kwenye dawa: wengi wa rika lako wanakula diklofenaki na brufeni kwa magoti kama karanga. Kati ya watu wazima wenye pumu, takriban 7 kwa kila 100 hubanwa na dawa za ukoo wa aspirini, na diklofenaki na brufeni zimo. Ukiona pua inaziba na kifua kinakaza saa moja au mbili baada ya kumeza, umeshajua wewe ni nani. Panado mara nyingi haina neno. Duka la dawa waambie una pumu kabla hawajakata karatasi.

Nacheza winga, Faza. Nikikimbia dakika kumi nabanwa. Kocha anasema niache mpira, mama anasema pampu nikiizoea sitaiacha maisha.

Mpira usiache. Wako wachezaji wa kulipwa na waogeleaji wa Olimpiki wenye pumu. Jipashe moto polepole robo saa kabla ya mechi, na kama daktari amekuandikia, vuta pampu ya buluu dakika 10 hadi 15 kabla ya kuingia. Siku una mafua, au siku wanachoma taka kando ya uwanja, kaa benchi.

Mama yako mwambie pampu haimlevyi mtu. Ila ana nusu ya ukweli. Pampu ya buluu, ya salbutamoli, hufungua mirija kwa saa chache tu na uvimbe inauacha pale pale. Inayotuliza uvimbe ni ile yenye steroidi ya kuvuta, inayotumiwa hata siku za uzima, na kwa kuwa haitoi nafuu papo hapo watu huiacha kabatini. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 atibiwe kwa buluu peke yake. Ukijikuta unamaliza pampu 3 za buluu kwa mwaka, hiyo ni ishara mbaya, rudi kliniki. Na kubanwa kwenye mazoezi mara nyingi humaanisha uvimbe haujatulizwa.

Paka wetu nimtupe? – Mwenye huruma, Mkomani

Kwanza ujue kama ni yeye. Kinachochokoza si manyoya ya paka bali mate yake na magamba ya ngozi, ambayo hukauka yakaruka hewani na kunata kwenye mito. Hata ukimpeleka ng'ambo ya Manda leo, masalia yake yatakaa nyumbani miezi kadhaa, kwa hiyo mtu asiyejua hilo hukata tamaa wiki ya pili akamrudisha. Halafu, huu ni mji wa Lamu: ukimtoa wako, wa jirani ataingia kwa dirishani akalale pale pale. Anza kwa kumfungia nje ya chumba cha kulala, siku zote, bila msamaha. Mwenye pumu asimbebe, na akimgusa anawe mikono kabla ya kujipangusa macho. Kwa wengi hilo linatosha. Wasipopata nafuu, mtafutie makao, usimtupe. Wenye punda nao, wale wanaobanwa wakiwapiga brashi, hesabu ni hiyo hiyo, pamoja na vumbi la majani makavu. Kazi ya kubeba majani na kufagia zizi apewe mwingine.

Bi Muuguzi, sisi tuko Pate. Binti yetu akibanwa usiku, hospitali kubwa iko ng'ambo ya maji. Mnatuambia "mkimbizeni hospitali". Kwa miguu?

Mmenipata, na swali lenu ni la haki. Anayeishi kisiwani lazima aanze mapema kuliko wa mjini, basi mipango yenu iandikeni mchana, binti akiwa mzima.

Pampu ya buluu ziwe mbili nyumbani, moja ikiwa haijafunguliwa. Ya kawaida ina mivuto 200, hivyo hesabuni iliyotumika badala ya kuitikisa kusikiliza. Mtoto asivutie mdomoni moja kwa moja. Twaeni chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshwe, kitakoni toboeni tundu linalolingana kabisa na mdomo wa pampu, lizibwe pembeni kwa gundi au utepe hewa isipite. Pampu inaingia kitakoni, binti anashika mdomo wa chupa. Chupa hiyo si kubahatisha: madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa, wakachapisha mwaka 1999 kwamba inafanya kazi sawa na ile ya dukani.

Akibanwa, mkalisheni wima, msimlaze. Bonyezeni mara moja, avute na kutoa pumzi mara nne hadi sita ndani ya chupa, kisha mbonyeze tena, mpaka mara kumi kwa jumla. Akipata nafuu kamili ikadumu zaidi ya saa nne, asubuhi mpelekeni kituo cha afya kwa utaratibu. Nafuu isipokuja, au ikija ikarudi kabla ya saa nne, ondokeni, na njiani mrudie kila baada ya dakika ishirini. Na mkiona hawezi kumaliza sentensi, au mbavu zinazama ndani kila akivuta, au midomo inageuka rangi, au amelegea na usingizi usio wake, msingoje chochote wala kuhesabu. Kifua kilichokuwa kinalia kikinyamaza ghafla naye bado anahangaika, hewa haipiti tena. Watu wengi hapo husema amepoa.

Kwa hiyo sasa hivi, kabla ya usiku wowote: mjue kituo kilicho karibu kwenu kina oksijeni au hakina, maana pengine Faza ni karibu kuliko Lamu. Namba za simu za manahodha wawili wenye boti ya mashine, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa baharini. Fedha ya mafuta ikae peke yake. Na kalenda ya maji ibandikeni mlangoni, kwa sababu yakiwa makavu Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki, na boti italazimika kuzunguka Manda kwa nje, jambo ambalo wakati wa kusi kali hakuna nahodha atakayelikubali usiku. Siku ambazo maji yatakauka kati ya saa nne za usiku na alfajiri, na binti ameanza kukohoa tangu alasiri, vukeni mchana mkalale kwa jamaa zenu Lamu mjini, hata kama asubuhi mtaonekana mmekuja bure.